Nyumba ya kwanza ya kupangisha Dar: namna ya kuamua ununue mtaa gani, hatua kwa hatua

Meseji ninayoipata kuliko zote ni ya aina moja: "kaka nina milioni 60, nimeichanga miaka saba, Dar imekuwa ghali, ninunue wapi nyumba ya kupangisha?" Halafu baada ya mwaka na kitu mtu yuleyule anarudi. Ameshanunua, nyumba ina miezi minne haina mtu, au wapangaji wapo ila kodi yote inaishia kwenye ukarabati, au kuna bwana katokea na karatasi zake anasema kiwanja ni cha marehemu baba yake. Inaniuma, kwasababu karibu wote wameteleza palepale: walianza na bei au walianza na nyumba, hawakuanza na mpangaji.

Kwahiyo naweka yote hapa kwa mpangilio. Fuata namba zilivyo, usiruke, maana kila hatua inatumia majibu ya hatua iliyopita. Naandika kwa Dar kwasababu ndiko ninakokujua mtaa kwa mtaa.

## Andaa hivi kabla hujaanza kuzunguka

- Daftari la karatasi. Simu inaita, inaisha chaji, na ukiandika bei kwenye simu mbele ya dalali anaiona. Daftari likae mfukoni.
- Simu yenye ramani za picha za satelaiti. Utaihitaji kuona mito, mabonde na nyaya za umeme mkubwa ambazo ukiwa chini huzioni.
- Siku nne. Jumamosi mbili, siku moja ya kazi, na siku moja ambayo mvua imenyesha. Hiyo ya mvua huwezi kuipanga, ila ukiisikia inanyesha acha unachofanya uende.
- Nauli za daladala na bodaboda. Usizunguke na gari yako wala ya rafiki, sababu utaiona mbele.
- NIDA na TIN. Bila hivyo uhamisho wa umiliki hauendi popote.
- Wakili na savea (mpima ardhi) uliowatafuta mwenyewe. Sio wa dalali, sio wa muuzaji, sio "huyu ni mtu wetu hapa ofisini".
- Mtu mmoja anayeishi kwenye mtaa husika, mwenyeji wa miaka mitano na kuendelea. Mama ntilie, fundi cherehani, mwenye duka la mangi, yeyote asiyepata chochote ukinunua.

## Hatua ya 1: Gawa hela yako kwanza

Ukiwa na milioni 60 wewe sio mnunuzi wa nyumba ya milioni 60. Hapa ndipo wengi wanaanza kukosea.

Kuna wakili, kuna upekuzi wa hati, kuna mthamini, kuna savea wa kuhakiki bikoni (alama za mipaka ya kiwanja), kuna ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Halafu kuna kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida anayopata muuzaji. Kisheria hiyo ni yake, lakini wauzaji wengi wa Dar watakwambia "mimi nataka hela yangu kamili mkononi, mengine utajua wewe", na ukikubali bila kuuliza umeshaibeba. Uliza siku ya kwanza nani analipa nini, na jibu liandikwe.

Mimi nashauri kwenye 60 utoe 5 ya makaratasi na 5 nyingine ya rangi, mabomba na miezi ambayo nyumba itakaa tupu. Unabaki na 50, na hiyo ndio bajeti yako ya kutafutia, usimtajie dalali nyingine.

Tahadhari ya mkopo. Mikopo ya nyumba Tanzania imekuwa ikicheza kwenye riba ya asilimia 13 mpaka 19 kwa mwaka. Utaona kwenye hatua ya 6 kwamba nyumba ya kupangisha ikikupa asilimia 8 safi umefanya vizuri. Yani ukikopa asilimia 17 ili upate 8, tofauti yote inatoka kwenye mshahara wako kila mwezi kwa miaka 15. Sisemi usikope kabisa, ila nyumba ya kwanza, ambayo bado unajifunza, jitahidi iwe ya hela yako.

Ukimaliza hatua hii uwe na namba moja tu umeiandika ukurasa wa kwanza wa daftari, na hata mke au mume wako anaijua.

## Hatua ya 2: Mchague mpangaji kabla ya mtaa

Swali la "ninunue wapi" halina jibu mpaka ujue unamnunulia nani. Mtaa mzuri kwa mwanafunzi wa Mlimani ni mbaya kwa familia yenye watoto watatu. Chagua mmoja.

Kijana wa Kariakoo au Posta. Anataka chumba au masta (chumba chenye choo chake ndani), anatoka asubuhi giza anarudi usiku, hajali sana fensi wala paking, anajali usafiri. Magomeni, Manzese, Kigogo, Buguruni, Temeke ndiko kwake.

Mwanafunzi. Survey, Makongo, Changanyikeni, Msewe kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar na Ardhi. Wanajaa haraka, wanaishi wawili wawili kwenye chumba, ila chuo kikifungwa kuna miezi vyumba vinakuwa kimya. Kodi ya mwaka ihesabie miezi 9 au 10, usihesabie 12.

Familia changa ya waajiriwa. Huyu ndiye ninayempenda kwa mtu anayeanza. Anataka vyumba viwili, jiko ndani, maji ya uhakika, sehemu ya kuegesha gari hata kama hajainunua bado, na gari la shule lifike getini. Akishawaandikisha watoto shule ya jirani hahami hovyo. Tabata, Segerea, Kinyerezi, Kimara, Goba, Mbezi.

Wa hospitali. Manesi na madaktari wanaoanza kazi wana zamu za usiku, kwahiyo ukaribu kwao ni usalama. Muhimbili wanakaa Upanga na Magomeni, Mloganzila wanatafuta Kibamba na Kwembe.

Wageni wa Masaki na Oysterbay. Kwa milioni 50 hapa hatupo, tuachane napo. Ila kuna watu bado wanaota kodi ya dola, na kanuni zilizotoka Machi 2025 zimekataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Hesabu yoyote unayopiga, piga kwa shilingi.

Sababu ya kuchagua mmoja ni kwamba nyumba yenyewe itabadilika. Ya familia ukiigawa vyumba vya vijana haikai sawa, choo kimoja watu saba, ugomvi wa LUKU kila Jumapili.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya mpangaji, sio yako

Hii ndio hatua iliyonigharimu mimi mwenyewe, kwahiyo naomba uisome taratibu.

Nyumba yangu ya kwanza niliijenga ndani ndani huko, mbele ya Chanika, sababu kiwanja kilikuwa rahisi kuliko popote nilipopita. Nilijenga vizuri kabisa, masta mbili, tiles, feni, tenki la lita elfu mbili. Kodi niliweka 80,000 nikaona nimewaonea huruma wapangaji. Ikakaa miezi mitano haina mtu. Watu walikuwa wanakuja, wanasifia, wanafungua bomba wanaona maji yanatoka, wanasema nitakupigia. Mpaka siku moja dada mmoja aliyekuwa anauza mitandio Kariakoo alisimama mlangoni akafungua kalkuleta kwenye simu yake, akanionesha kioo. Alikuwa ameshajumlisha bodaboda.

Hesabu yake ilikuwa kama hivi. Bodaboda mpaka stendi 1,000, daladala 700, kwenda na kurudi ni 3,400 kwa siku. Siku 26 za kazi, 88,400. Akikaa sehemu ambayo anatembea mpaka kituoni analipa daladala tu, 1,400 kwa siku, 36,400 kwa mwezi. Tofauti ni 52,000. Maana yake chumba changu cha 80,000 kwake kilikuwa sawa na chumba cha 132,000 kilicho karibu na barabara, na kwa 132,000 alikuwa anapata Tabata.

Mpangaji analipa kodi, nauli, maji na muda wake, vyote kwa pamoja, na mtaa unampa kikomo cha jumla hiyo. Ukinunua sehemu ambayo nauli inakula sana, wewe ndiye unayeshusha kodi ili jumla isipite kikomo. Bei rahisi ya kiwanja uliyofurahia unairudisha kidogo kidogo kila mwezi.

Fanya hivi: andika mpangaji uliyemchagua anafanya kazi wapi, halafu kwa kila mtaa unaoufikiria jumlisha nauli ya siku mara 26, ongeza maji (kama hakuna bomba, hesabu madumu au boza), ongeza kodi ya nyumba ya aina yake. Panga jumla kutoka ndogo kwenda kubwa. Ukiona mtaa ambao jumla ni ndogo na watu bado wanagombania nyumba, huo ni mtaa ambao kodi ina nafasi ya kupanda, uzungushie duara.

## Hatua ya 4: Punguza mpaka mitaa mitatu, na usinunue ahadi

Tumia usafiri uliopo leo unaobeba watu leo. Wauzaji wa viwanja Dar wanauza kesho: "barabara ya lami inapita hapa", "stendi inakuja", "mwendokasi inafika". Inaweza kuwa kweli na bado ikakuumiza kwasababu ya muda.

Angalia Kigamboni. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya, watu wakakimbilia, halafu wenye maeneo wakakaa miaka wamezuiwa kuendeleza, na mpango wenyewe haukutimia vile ulivyochorwa. Kilichobadilisha Kigamboni kweli ni daraja lilipofunguliwa Aprili 2016, kitu ambacho mtu anakanyaga. Au Mbagala, njia ya mwendokasi ilikaa imeshajengwa watu wanaitazama tu, mabasi yakaja kuanza Oktoba 2025. Aliyenunua kwa kutegemea yale mabasi alilipa bei ya mwendokasi huku wapangaji wake wakiendelea kugombania daladala.

Kwahiyo kwa kila mtaa jiulize: hiki kinachonivutia, ningeweza kukipanda au kukinywa leo asubuhi? Kama hapana, kihesabie sifuri.

Kuna watu watauliza kuhusu kutoka nje ya Dar kabisa, Kibaha, Morogoro karibu na SUA, Dodoma upande wa UDOM na Mtumba. Ni wazo zuri na bei zinakubali, ila lina sharti moja: uwe na mtu wako pale anayeweza kufika kwenye nyumba ndani ya saa moja. Bomba likipasuka Jumamosi usiku wewe uko Tegeta, mpangaji atamuita fundi wa kwanza atakayempata na bili utakatwa kwenye kodi.

Mwisho wa hatua hii unabaki na mitaa mitatu. Ukibaki na sita hujaamua, rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 5: Jifanye mpangaji

Usiende kama mnunuzi. Mnunuzi anaambiwa anachotaka kusikia, mpangaji anaambiwa ukweli.

Tafuta madalali watano wa mtaa huo, wale wanaokaa chini ya mti na vibao vya namba za simu, na kila mmoja mwambie kitu kilekile: "natafuta vyumba viwili na sebule, bajeti laki mbili na nusu". Halafu sikiliza.

Akikwambia "twende saa hizi nikakuoneshe, ninazo kama nane", hapo nyumba zimezidi watu. Nyumba yako itakuwa ya tisa. Akikwambia "acha namba, juzi imetoka moja hata siku mbili haikumaliza", hapo kuna njaa ya nyumba. Madalali wanne kati ya watano wakikupa jibu la pili umepata mtaa.

Uliza pia kodi inalipwa miezi mingapi. Dar kawaida ni miezi 6, wengine mwaka. Ukikuta mtaa ambao wenye nyumba wanakubali miezi mitatu, au mwezi mwezi, bila hata kubembelezwa, ujue wanatafuta watu. Hiki kipimo sijawahi kuona kikidanganya.

Waombe wakuoneshe nyumba mbili tatu na ulipe hela yao ya kuzungushwa, ni haki yao. Ukiwa ndani zungumza na wapangaji wa vyumba vingine: maji yanatoka siku gani, ni ya DAWASA au kisima, yana chumvi? Upande wa Kigamboni na sehemu nyingine za ukanda wa pwani kuna visima vyenye chumvi mpaka koki zinaliwa na kutu, na mpangaji akishaonja chai ya maji yale hakai. Umeme kila mtu ana LUKU yake au wanachangia? Gari la kunyonya choo linafika au njia ni nyembamba? Wezi je?

Kosa la kuepuka: kuandika kodi wanazotangaza. Andika kodi ambazo watu wamelipa. Dalali anaweka cha juu chake na mwenye nyumba anaanzia mbali, bei ya kweli iko kwa jirani aliyehamia mwezi uliopita.

Daftari lako sasa liwe na kodi kumi za kweli kwa kila mtaa, za nyumba zinazofanana na unayotaka.

## Hatua ya 6: Hesabu ya faida safi

Tuchukue mfano, namba badilisha uweke zako. Umepata kiwanja kilichopimwa upande wa Kinyerezi milioni 18 na ujenzi wa masta tatu zenye jiko na kisebule ukakadiriwa milioni 42. Jumla 60. (Najua bajeti tumesema 50, huu ni mfano tu wa hesabu.) Kila moja inapangika 200,000 kwa mwezi.

Kodi ya mwaka: 200,000 × 3 × 12 = 7,200,000. Watu wengi wanaishia hapa, wanasema asilimia 12, wananunua. Subiri utoe:

- kodi ya zuio ya pango, ile inayokwenda TRA, asilimia 10: 720,000
- mwezi mmoja wa kukaa tupu: 600,000
- matengenezo, weka asilimia 10: 720,000
- kunyonya choo, usafi, taa za nje: 240,000
- kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi: 18,000

Jumla ya makato 2,298,000. Unabaki na 4,902,000, yani asilimia 8 na kidogo ya milioni 60. Hela yako inarudi kwa miaka 12 na ushee, na hapo sijahesabu miezi ya ujenzi ambayo hakuna kinachoingia.

Sasa fanya hivyohivyo kwa apatimenti ya vyumba viwili Mikocheni, tuseme milioni 220 na kodi 1,200,000 kwa mwezi. Kabla hujatoa chochote ni asilimia 6.5, na bado kuna gharama za lifti, mlinzi na jenereta la jengo. Sehemu inayopendeza ndio mara nyingi inalipa kidogo, kwasababu pale bei ya nyumba imepandishwa na watu wanaonunua kuishi na kuhifadhi hela, sio na kodi.

Weka na kipimo kingine pembeni. Hatifungani za serikali za miaka 20 na 25 zimewahi kutoa riba ya zaidi ya asilimia 15, bila kunyonya choo wala kumkumbusha mtu kodi. Nyumba inashindwa hapo kwa mapato ya mwaka, kwahiyo lazima ikulipe kwa kupanda thamani. Na kupanda thamani kunategemea ardhi ilipo na karatasi zake, ndio maana hatua ya 8 na ya 9 hazina mzaha.

Kigezo changu: chini ya asilimia 6 safi sinunui kwa ajili ya kupangisha, hata nyumba iwe nzuri kiasi gani. Ikitokea juu ya 10 nasimama nikague upya, kwa kawaida kuna kitu nimesahau au karatasi zina shida.

## Hatua ya 7: Nenda mara tatu, na moja iwe ya mvua

Mara ya kwanza saa kumi na moja na nusu alfajiri siku ya kazi. Simama kituoni ambako mpangaji wako atapandia. Hesabu daladala ngapi zinapita zimeshajaa kabla mtu hajapata nafasi. Mimi nilishawahi kusimama kituo kimoja Segerea nikahesabu saba. Nilipomwambia muuzaji alishangaa kweli, miaka yote hajawahi kupanda daladala pale.

Mara ya pili saa tatu usiku. Tembea kwa miguu kutoka kituoni mpaka nyumbani, bila tochi. Kama wewe mwanaume unageuka nyuma, nesi wa zamu ya usiku hapangi hapo. Sikiliza pia baa na vigodoro.

Mara ya tatu wakati mvua inanyesha au imekatika sasa hivi. Ukichelewa mvua, tafuta mstari ukutani. Maji yaliyoingia ndani yanaacha mstari wa kahawia uliolala sawa, hata wakipaka rangi mpya unarudi kwa chini kama jasho, na plasta ya pale ukigonga kwa kifundo cha kidole inatoa sauti ya utupu. Angalia nyuma ya mlango na ndani ya kabati la jiko, huko fundi rangi huwa hafiki. Angalia na nyumba za jirani: ukuta mdogo uliojengwa kuziba mlango kwa chini, kozi mbili tatu za tofali, huo umewekwa kwa ajili ya mafuriko.

## Hatua ya 8: Bonde, barabara, na umeme mkubwa

Kuna ardhi ambayo haijalishi umelipa kiasi gani, siku moja utaondolewa. Hapa savea wako anafanya kazi.

Mto na bahari. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe. Bonde la Msimbazi watu walishabomolewa nyumba zilizopigwa X mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, baada ya mafuriko ya 2011 kuua watu. Kuna vijito vidogo Tabata, Kigogo, Ubungo na Mbezi ambavyo kiangazi unavivuka kwa kuruka, sheria ni ileile.

Barabara kuu. Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa, na barabara ya Morogoro eneo lake ni pana zaidi. Waliobomolewa Kimara mpaka Kiluvya mwaka 2017 wengine walikuwa na nyumba za ghorofa. Tafuta vigingi vya TANROADS, usipoviona usifurahi, nenda ofisini uulize.

Nyaya za umeme mkubwa na uwanja wa ndege. Zifuate kwenye picha ya satelaiti. Watu wa Kipawa walihamishwa kupisha uwanja, Kipunguni nao wameishi kwenye habari hiyo miaka mingi, na nyumba ya namna hiyo huwezi hata kuikarabati kwa moyo mmoja.

Nenda pia idara ya mipangomiji ya manispaa uulize ramani ya eneo inasema kiwanja ni cha matumizi gani. Kuna watu wamenunua eneo la shule na hawajui mpaka leo.

## Hatua ya 9: Karatasi

Aina za umiliki hazilingani, na bei isilingane.

Hati miliki, ya miaka 33, 66 au 99, ndio ya juu. Leseni ya makazi ipo sana kwenye maeneo ambayo hayakupimwa, inatambulika ila muda wake ni mfupi na inahuishwa, kwahiyo bei iwe chini. Mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba mliuziana, hauthibitishi kwamba aliyekuuzia ndiye mwenye mali. Wengi waliolia kwenye simu yangu walikuwa na mkataba wa aina hii na wanaamini ni hati. Kama mtaa uko kwenye urasimishaji (zoezi la kupima na kumilikisha maeneo ambayo hayakupimwa) uliza umefika wapi, michoro imepitishwa au bado, na mwenye nyumba amelipia au hajalipia.

Mwambie wakili wako afanye yafuatayo, na akupe majibu kwa maandishi:

1. Upekuzi rasmi kwa msajili wa hati. Unaonesha mmiliki, rehani ya benki, na zuio la mahakama kama lipo. Fanya hata kama muuzaji ni mjomba wako.
2. Ridhaa ya mke au mume wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inalinda nyumba ya familia, na mauzo bila ridhaa ya mwenza yanaweza kukuponyoka.
3. Kama mwenye mali ni marehemu, barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo peke yake hakitoshi.
4. Risiti za kodi ya pango la ardhi. Deni la miaka kumi litakufuata wewe.

Wewe mwenyewe nenda kwa majirani wa pande zote nne, sio watatu. Waulize mpaka uko wapi na kama kuna maneno juu ya eneo hilo. Yule jirani anayekukwepa ndiye unayemtafuta, rudi jioni.

Kwa ndugu zetu walioko Muscat, London au Marekani: usitume hela yote kwa mtu mmoja hata awe damu yako. Hela ya eneo ipitie kwa wakili, hela ya ujenzi itumwe kwa hatua (msingi, kuta, kupaua), na kila hatua mtu wa pili asiye ndugu wa wa kwanza aende apige video akiwa amesimama pale. Na kama ulishachukua uraia wa nchi nyingine, ongea na wakili kabla hujalipa hata shilingi, kwasababu umiliki wa ardhi kwa asiye raia una masharti yake.

## Hatua ya 10: Amua, lipa, pangisha

Sasa una mitaa mitatu na pengine nyumba moja au mbili kila mtaa. Ile iliyopata shida kwenye hatua ya 8 au 9 itoe, hata kama ndio yenye faida kubwa, usijadiliane na nafsi yako. Kati ya zilizobaki chagua yenye njaa kubwa ya nyumba kwenye hatua ya 5. Faida zikikaribiana chagua iliyo karibu na wewe.

Malipo yafanyike benki kwenda akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye hati, mbele ya wakili. Lipa sehemu siku ya kusaini, na kubwa iliyobaki ifungwe kwenye mkataba kwamba inalipwa kibali cha uhamisho kikitoka. Muuzaji akikwambia kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho na kashi, mwache auziwe. Nimeshaona nyumba nne zilizokuwa "zinachukuliwa kesho" zikiwa sokoni mwaka uliofuata.

Ukishakabidhiwa badilisha vitasa vyote siku hiyohiyo, piga picha mita za LUKU na maji na namba zake, halafu warudie wale madalali watano. Bei uweke chini kidogo ya zile kodi kumi ulizoandika, 10,000 au 20,000 hivi, ili mwezi wa kwanza uchague mpangaji badala ya yeye kukuchagua. Mkataba uandikwe, asilimia 10 ya kodi ya zuio ikalipwe TRA na risiti itunzwe, kwasababu siku ukitaka kuuza hizo risiti ndio zitamuonesha mnunuzi kwamba nyumba inaingiza kile unachosema inaingiza.